Jukwaa la Udongo

Jengo la uwanja wa michezo huanza kufa juu, likaja kuzikwa chini. Bati moja hufunuliwa na upepo mwishoni mwa kiangazi, siku chache kabla ya mvua za kwanza. Hapatikani wa kupanda kulirudisha, kwa kuwa timu ina mchezo Jumamosi, na fundi ataka malipo, na mweka hazina yumo safarini. Maji yakapata njia, yakalowesha kenchi. Mchwa, ambaye ubao mkavu humshughulisha kidogo na ubao uliolowa humfurahisha sana, akapanda ukutani kwa kijia chake chembamba cha udongo. Na baada ya misimu mitano au sita watu husimama mbele ya jengo lile wakasema kwa kauli moja kwamba limezeeka, ilhali halikuuawa na uzee bali na bati moja na misumari minne.

Nayaandika haya Mbesa ikiwa moyoni mwangu. Mbesa imo katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu ni Songea. Mtu wa mbali huijua kwa hospitali yake ya misheni, mfanyabiashara huijua wilaya ile kwa korosho, na kijana aliyezaliwa huko hukumbuka zaidi uwanja wa mpira alikoacha ukucha wa kidole gumba cha mguu. Sitautaja uwanja huu au ule nikasema kwamba jengo lake limeoza, maana maneno kama hayo huwaudhi waliolijenga kwa jasho lao. Nasema juu ya jengo la namna ile ambayo msomaji yeyote wa kusini aweza kuliona akifumba macho: kuta za matofali ya kuchoma, ngazi tatu za zege za kukalia watazamaji, stoo yenye kufuli moja na funguo mbili zilizopotea, choo cha shimo kilichojaa zamani, na chumba kimoja tu cha kubadilishia nguo, ambacho wavulana huingia kwanza ilhali wasichana wa mpira wa pete husitiriana kwa khanga nyuma ya ukuta.

Waingereza walileta jengo la aina hii pamoja na kriketi yao. Klabu ya michezo ya Mombasa, kwa mfano, ni ya tangu mwaka 1896, na jengo la uwanjani kwao lilikuwa mahali pa kunywea chai na kujitenga na wenyeji kwa kiasi kile kile cha kutazama mchezo. Sisi tumeliita jukwaa, ingawa jukwaa ni sehemu yake moja, na tumelipa kazi nyingine zilizo bora kuliko chai: ndani yake hupigwa kura, huchanjwa watoto, hugawiwa mbegu, na mvua ikinyesha siku ya mkutano huwa ndiyo paa pekee la watu mia mbili. Baada ya kuundwa kwa Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka ya vijiji vya Ujamaa iliyofuata, michezo ilihesabiwa kuwa tofali la ujenzi wa taifa, na viwanja vingi vikasimamishwa kwa michango na mikono ya wananchi, huyu akileta mawe na yule mchanga, na wanawake, kama ilivyo desturi isiyoandikwa katika kumbukumbu zozote, wakibeba maji.

Songea penyewe pana uwanja wa Majimaji, wenye jina la vita vya mwaka 1905 hata 1907, ambao timu yake ilitwaa ubingwa wa nchi katika miaka ya 1980 na ikashuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018. Viwanja vingi vya mikoani vilivyojengwa zama za chama kimoja vimebaki katika mikono ya Chama cha Mapinduzi hata baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, na mjadala wa nani apasaye kuvikarabati haujakoma mpaka leo. Siutaji mjadala huo kwa kutaka kuuamua. Nautaja kwa kuwa una funzo ambalo kamati nyingi za ujenzi hulipita kwa haraka ya kutaka kuona msingi unachimbwa, nalo ni kwamba jengo lisilojulikana ni la nani halijulikani pia ni nani wa kulipigilia misumari.

Siku hizi, kila andiko la kuomba fedha za jengo jipya halina budi kusema kwamba jengo hilo litakuwa endelevu. Neno hili limetumiwa mpaka limekwaruzika kama sarafu ya zamani, na aghalabu maana yake kwa mwandikaji ni kioo cha kukusanya jua kilichowekwa juu ya paa la jengo lililo sawa na mengine yote. Mimi nalipima jengo kwa swali moja tu: bati la kwanza likifunuka, ni nani atakayepanda, na atapanda na nini mkononi? Ikiwa jibu ni kwamba atapanda fundi wa pale pale, na kifaa chake kapata umbali wa kutembea kwa miguu, na hakuangusha nusu ya msitu ili akipate, jengo hilo ni endelevu hata kama halina kioo. Na ikiwa jibu ni kwamba itaandikwa barua Dar es Salaam, basi si endelevu hata likimetameta.

Kabla ya kubomoa, insafu yataka lile la zamani lisikilizwe, kwani tofali lililokwisha kuchomwa miaka arobaini iliyopita limekwisha kula kuni zake, na kulitupa ni kuzichoma kuni hizo mara ya pili. Fundi mwashi huja na timazi, akaiachia kamba yake kando ya ukuta: ukuta uliosimama wima na msingi usiotitia hustahili paa jipya, si nyundo. Dalili mbaya ni ile ya ngazi za zege zilizopasuka kwa mistari mirefu yenye doa la rangi ya kahawia, maana hiyo yaonyesha kwamba maji yamefika kwenye nondo, na chuma kikishika kutu huvimba, kikaisukuma zege mpaka ikabanduka vipande. Zege ya namna hiyo haitibiki kwa lipu, na aliyeipaka rangi ameuficha ugonjwa tu. Na kama paa ni la yale mabati mazito ya kijivu yenye asbesto, lisivunjwe kwa nyundo na vijana wanaocheka, kwa kuwa vumbi lake hukaa katika mapafu ya mtu miaka mingi kabla ya kumuua. Hilo lina utaratibu wake na wataalamu wake. Lakini likibomolewa jengo lenye matofali yaliyounganishwa kwa udongo, matofali hutoka safi kama yalivyoingia, tofauti na yale yaliyogandishwa kwa saruji kali, ambayo hukatika kabla hayajaachana. Nalionea ajabu jambo hili: babu zetu waliojenga kwa udongo kwa ufukara wao walituachia matofali ya akiba, na sisi tunaojenga kwa saruji kwa fahari yetu twawaachia wajukuu kifusi.

Sasa nimwombe msomaji atoke Ruvuma kwa muda, aende Rwanda, kwa kuwa huko, nje kidogo ya jiji la Kigali mahali paitwapo Gahanga, lipo jengo la uwanja wa kriketi ambalo ni mfano bora niujuao katika nchi zetu za mashariki kwa habari hii.

Kriketi haikuwa mchezo wa Rwanda. Ililetwa na vijana waliokulia uhamishoni Uganda, Kenya na Tanzania na kurudi kwao baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na chama chao cha kriketi kikaundwa mwaka 1999. Uwanja walioupata ulikuwa wa shule ya ufundi ya Kicukiro, na uwanja huo ulikuwa na historia yake ya huzuni: Aprili 1994 watu kwa maelfu walikimbilia shuleni hapo kujistiri kwa askari wa Umoja wa Mataifa, tarehe 11 ya mwezi ule askari wakapanda magari wakaondoka, na wengi sana wa wale waliokimbilia hapo wakauawa. Vijana walicheza katika ardhi hiyo miaka mingi, juu ya nyasi zisizo sawa, hawana mahali pa kubadilishia nguo panapostahili jina hilo, hata ikaazimiwa wajengewe uwanja wao. Fedha zilikusanywa Uingereza na Rwanda. Na Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa, Eric Dusingizimana, alisimama Kigali na gongo lake akipiga mipira aliyotupiwa kwa zamu muda wa saa 51, akavunja rekodi ya dunia, ili watu wajue kwamba uwanja unatafutiwa fedha. Sijui mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kwetu aliyewahi kusimama hata saa 3.

Uwanja ulifunguliwa Oktoba 2017. Atakayeufikia hataona nguzo wala kenchi wala bati. Ataona matao matatu ya udongo yaliyoinama kutoka ardhini na kurudi ardhini, kubwa lao likiwa na upana wa kama mita 16, mfano wa mpira uliodunda, ukadunda tena, na tena, kila mara chini zaidi. Ndivyo walivyokusudia wasanifu wake wa Light Earth Designs, akiwemo Michael Ramage wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye alikwisha kushiriki kazi ya namna ile ile huko Mapungubwe, Afrika ya Kusini, katika jengo la msanifu Peter Rich lililopewa mwaka 2009 heshima ya kuwa jengo bora la mwaka duniani. Lakini umbo lile si pambo. Shika mkufu kwa ncha mbili uuache uning'inie. Umbo ulipatalo ni la kuvutwa tupu, hapana pete inayobanwa. Ligeuze umbo hilo juu chini, na sasa kila pete inabanwa wala hapana inayovutwa. Na udongo, ambao ukivutwa hukatika kama mkate, ukibanwa hustahimili uzito wa ajabu. Kwa hiyo paa lililojengwa kwa kufuata mstari wa mkufu uliopinduliwa halihitaji chuma cha kulibeba.

Vigae vya paa lile vilitengenezwa kwa udongo wa hapo hapo, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine, ukaachwa ukauke bila kuonja moto. Safu ya kwanza iliunganishwa kwa jasi, ambayo hukamata upesi, hata fundi akishika kigae kwa muda mfupi kinabaki hewani chenyewe, na safu ile ikawa ndiyo jukwaa la kujengea zile zilizofuata kwa saruji na mchanga, bila ya msitu wa miti ya kuegemeza chini yake. Kati ya safu na safu ukatandazwa wavu wa plastiki ngumu, maana Rwanda ni nchi ya matetemeko, na wavu huo ndio unaolishika paa lisisambaratike ardhi ikitikisika. Mafundi waliolijenga hawakuwa wameifanya kazi hiyo kabla. Walijifunza pale pale, na walipomaliza maarifa yalibaki nchini mwao. Natamani kila mfadhili angeisoma habari hiyo mara mbili.

Yupo atakayesema kwamba matao ni mambo ya Wazungu wa Bahari ya Kati, ambako kweli ufundi wa vigae vyembamba ulikulia. Nami nitamjibu kwamba aende Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu ule, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa sana karne ya 14, katika zama ambazo msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, uliezekwa kwa makuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya mafundi wa pwani hii, na sehemu ya kazi hiyo ingali imesimama. Na Kilwa haikuwa nchi ya kigeni kwa watu wa Ruvuma: misafara ya Wayao ilishuka huko vizazi na vizazi, na pembe za ndovu, na nta, na, kwa msiba wetu sote, na watumwa, basi ni haki kusema kwamba mwisho wa njia iliyopita katika nchi ya Tunduru palikuwa na paa la tao tangu kale, na kwamba babu wa mcheza mpira wa Mbesa huenda alipumzika karibu nalo akingoja bei ya pembe zake.

Hata hivyo simshauri mtu wa Mbesa kuiga matao ya Gahanga. Tao la mita 16 lataka mhandisi wa hesabu kali, lataka wavu unaonunuliwa mbali, na likikosewa halivuji tu, huanguka. Funzo la kuchukuliwa Gahanga ni kigae, si tao; ni ule udongo usiochomwa. Kama yupo fundi mwenye hamu ya kujifunza, naajenge tao dogo juu ya stoo ya mipira kwanza, aliache misimu miwili ya mvua, ndipo tuzungumze naye habari ya jukwaa.

Udongo usiochomwa tunao, na mtambo wake pia tunao. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez alibuni huko Bogotá, Kolombia, mashine ndogo ya chuma yenye mkono mrefu, ambayo watu wawili huweza kushindilia kwayo tofali la udongo bila injini wala umeme, na mashine hiyo ikazaa watoto duniani kote. Kwetu, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha kwa miaka mingi ufyatuaji wa matofali ya kufungamana, yenye pua juu na tundu chini, ambayo hukaa moja juu ya jingine kama mwana na mgongo wa mama yake.

Kazi yenyewe yastahili kutazamwa kwa karibu. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa, ukachukuliwa ule wa chini, mwekundu, wenye mchanga, ukachekechwa, ukachanganywa na saruji ungali mkavu, kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo kumi au kumi na viwili vya udongo, kwa kadiri udongo ulivyo, kisha maji hunyunyizwa, hayamwagwi. Fundi hutwaa konzi moja, akaifinya kuwa donge, akanyoosha mkono mpaka usawa wa bega, akaliachia lianguke juu ya ardhi ngumu. Likitawanyika kuwa unga, maji hayajatosha. Likibaki zima limebonyea, maji yamezidi. Likipasuka vipande vinne au vitano, fundi husema neno moja, "Haya," na kazi huanza. Tofali likitoka mashineni hubebwa kwa viganja viwili kama yai, likapangwa kivulini, likafunikwa, likanyweshwa maji wiki moja nzima, likaachwa mpaka siku ya 28. Hapo ndipo penye kuharibika kwa kazi nyingi: watu wana haraka, hulianika juani siku ya pili, likakauka upesi nje ilhali ndani saruji bado ina kiu, kisha wakalaumu udongo.

Fundi mwaminifu hatakwambia kwamba tofali hili halili saruji. Lenye sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kama kilo 8 na nusu, na mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali kati ya 65 na 80, hali mita moja ya mraba ya ukuta yataka 33. Ukilipima kwa hesabu hiyo na tofali la zege, tofauti katika tofali lenyewe si ya kupigiwa vigelegele. Faida iko kwingine: kozi hazihitaji udongo wala saruji ya kuunganishia isipokuwa mahali mahali, ukuta hauhitaji lipu, mchanga wa mtoni hauhitaji lori. Na juu ya hayo yote hapana tanuri. Tofali la kuchoma, ambalo ndilo lililojenga karibu kila shule na zahanati ya kusini, ni zuri na ladumu, walakini kila tanuri hula miti ya miombo iliyochukua miaka mingi kukua, na mchomaji wa leo huitafuta mbali kuliko alikoitafuta baba yake. Saruji nayo haina usafi wa kujivunia: hupikwa kwa moto wa nyuzi 1,450, na viwanda vyake ulimwenguni hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na kazi za wanadamu. Kwa hiyo hoja si kuikimbia saruji. Tuitumie kama chumvi.

Paa, kwa Mbesa, liwe la bati, juu ya kenchi za msonobari uliotiwa dawa, ambao hupandwa mkoani humo humo katika shamba la miti la Wino, upande wa Madaba; mninga uachwe usimame msituni, au utumike kwa milango tu. Bati lenyewe lina sifa moja ambayo nyasi hazina, nayo ni kwamba hukusanya maji safi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu hii ni nyepesi hata mtoto wa darasa la nne huiweza, na bado sijaona kamati inayoifanya. Tuseme jukwaa lina paa la mita 24 kwa 9, yaani mita za mraba 216, na mvua ya Tunduru katika mwaka wa kawaida hukaribia milimita 1,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya kumwagika na kukauka, hubaki zaidi ya lita 170,000 kwa mwaka, maji ambayo leo hushuka ukingoni mwa paa, yakachimba msingi, yakaenda zake mtoni. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, hivyo maji yote hayo huja kwa pamoja na kisha kiangazi huwa kirefu. Birika la lita 50,000, lililochimbwa chini ya ngazi za kukalia ambako hakuna kazi nyingine ya kufanywa, hutoa ndoo 13 na zaidi kila siku kwa siku 180. Hizo zatosha kunawa, kusafisha choo, na kunywesha miche. Kenya walilifahamu jambo hili mapema: huko Mahiga, upande wa Nyeri, tangu mwaka 2010 shule ina uwanja wa mpira wa kikapu ulioezekwa paa pana, na paa lile hupeleka mvua katika matangi, maji yakasafishwa kwa nguvu ya jua, wanafunzi wakanywa. Mchezo juu, kisima chini.

Mengine nitayapita mbio. Jukwaa likae upande wa magharibi wa uwanja, kwa kuwa mechi huanza saa kumi, na aliyekaa mashariki huutazama mchezo wote akiwa amekunja uso kwa jua. Kuta za nyuma ziachiwe matundu kati ya tofali na tofali, upepo upite. Vyumba vya kubadilishia nguo viwe viwili, vyenye milango miwili inayotazama pande mbili, na cha wasichana kisiwe kile kidogo. Kioo cha jua kitoshacho taa sita na kuchajia simu kitafaa, mradi betri iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Nimebakiza jambo ambalo wasanifu hawalichori. Watu wa pwani, walipojenga msikiti, hawakuuacha uishi kwa sadaka ya Ijumaa peke yake. Aliyekuwa na uwezo alitoa minazi, au duka, au nyumba, akaiweka wakfu, haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake yakanunua mafuta ya taa, mikeka na chokaa vizazi hata vizazi. Misikiti mingi ya kale imesimama kwa minazi kuliko kwa mawe. Sioni kwa nini jukwaa la kijiji cha nchi ya korosho lisiwe na mikorosho yake: eneo dogo kando ya uwanja, lililoandikwa katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kuwa ni mali ya jengo, likavunwa na vijana wa timu, korosho zikaenda ghalani kwa njia ya chama cha ushirika cha msingi kama za mkulima mwingine yeyote, na fedha zikarudi katika daftari moja lenye kichwa kisemacho "Bati". Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Jengo jipya, likijengwa sawasawa, haliombi bati kabla ya hapo.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000. Nauombea heri, na siku ya ufunguzi nitakuwa mbele ya redio kama wengine. Lakini wachezaji wa viwanja vile hutoka katika viwanja hivi, na wewe usomaye huenda ni mjumbe wa kamati ya kimojawapo. Kabla hujatia sahihi makisio ya mkandarasi, tafadhali fanya jambo moja lisilogharimu kitu. Chimba kando ya uwanja mpaka chini ya mizizi, utie udongo katika chupa ya kioo hata nusu, ujaze maji na chumvi kidogo, utikise kwa nguvu, uiweke dirishani ulale. Asubuhi mchanga utakuwa umetulia chini, udongo laini katikati, na mfinyanzi juu. Ikiwa mchanga ni zaidi ya nusu na mfinyanzi upo wa kutosha kuonekana, mwite fundi na umwonyeshe ile chupa.